Mvua ya Maziwa Nyasubi

Mama Donatus, jirani yetu wa ua kwa ua hapa Nyasubi, mtaa wa mji wa Kahama, anasema mwaka huu mvua ya maziwa ilinyesha katikati ya kiangazi. Anasema aliiona kwa macho yake mwenyewe. Wingu jeupe lilitoka upande wa Geita, likasimama juu ya lori la Velji, Bwana Lalji akalipigia filimbi, likafunguka. Kuku wake mweusi alitoka pale mweupe pepepe, na hata sasa akitaga, yai lina ladha ya siagi. Radi nayo ilimkosa Marcel wa Segese kwa upana wa kidole, na Marcel akaendelea kutembea kama mtu aliyesahau kitu dukani.

"Klara si ulikuwepo?" huniita nikipita na ndoo ya maji. "Hebu waambie hawa wasioamini."

Mimi hucheka nikapita. Kuku wake hakuwepo kabisa. Siku ile alikuwa amefungiwa jikoni anaatamia. Lakini siwezi kusema Mama Donatus ametunga yote. Mvua ilinyesha kweli, maziwa yalikuwemo kweli, na mengine kati ya maziwa yale niliyakamua kwa mikono hii. Kwa hiyo ni afadhali nieleze mimi ilivyokuwa, maana tukimwachia yeye, mwakani tutasikia ilinyesha samli.

Bwana Lalji ni mpwa wa Velji, mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Alikulia hapa hapa Kahama, akapelekwa Bombay asomee hesabu za biashara, akarudi na kamera ya sinema ndani ya sanduku la chuma. Mjomba wake alikaa siku nyingi hamsemeshi. Lalji akawa anazunguka mjini akimweleza kila mtu habari ya picha anayotaka kutengeneza, picha ya Kiswahili, ya mtu anayerudi nyumbani kutoka machimbo ya dhahabu akakutwa na dhoruba njiani. Mtu huyo alikuwa Marcel. Marcel amechimba kweli Geita, na uso wake ni wa mtu aliyenyeshewa hata akiwa juani.

Tatizo likawa dhoruba. Ulikuwa mwezi wa nane. Mbuga ilikuwa imepasuka kama kisigino, na mbinguni hakuna hata wingu la kufutia jasho.

"Si ungoje Desemba?" Velji alimwuliza, siku aliporudi kumsemesha.

"Mjomba, mvua ya Mungu haimsikilizi mtu," Lalji akajibu. "Nikifungua kamera inakatika. Nikifunga inaanza. Mimi nataka mvua ambayo nikiiambia simama, inasimama."

Velji akamtazama, kisha akacheka mpaka akashika meza. Siku hiyo akampa lori, tangi la maji, na ile feni kubwa ya kupepetea mpunga.

Mimi niliona kila kitu kikifungwa, kwa sababu kila asubuhi nilikuwa napeleka maziwa kwa Mama Velji, yaani Gangaben, mama yake mzazi Velji, naye ananipa chenga za mchele. Nikishampa sikuwa na haraka. Nilisimama pembeni ya uwanja wa mashine nikatazama. Feni waliitoa mashineni wakaifunga juu ya magogo, mkanda wake ukavutwa na injini ile ile ya kukobolea. Walisimika nguzo nne ndefu kule mwisho wa nyumba, mbuga inapoanzia, wakalaza bomba juu yake. Bomba walikuwa wamelitoboa kwa misumari toka mwanzo hadi mwisho. Lori lenye tangi likasimama nyuma, na wanaume wawili wakapewa pampu ya mkono. Ngurumo ilikuwa bati. Walilining'iniza kwa kamba kwenye tawi la mgunga, na anayelishika anatakiwa alitikise kwa chini, si kulipiga. Ukilipiga linasikika bati. Ukilitikisa taratibu, tumbo lako linasikia mvua.

Umeme ulikuwa kazi ya Stanslaus. Huyu ni fundi wa kuchomelea vyuma aliyefanya kazi miaka kwenye karakana za machimbo, na alikuja na mashine yake ya kuchomelea juu ya mkokoteni. Akigusanisha vyuma vyake, uwanja mzima unakuwa mweupe, kisha unarudi giza zaidi ya mwanzo. Alituonya tusimtazame. Tulimtazama. Usiku ule nusu ya Nyasubi ililala na vitambaa vya maji baridi machoni.

Sisi wanawake tuliitwa kumwaga pumba. Kazi yetu ilikuwa kusimama ubavuni mwa feni na makapu ya pumba za mpunga na nyasi kavu, tunarusha kidogo kidogo, feni inachukua. Mama Donatus alirusha kapu zima kwa mkupuo mmoja. Marcel alikula pumba mpaka ikabidi apigwe mgongoni.

"Dada, mimi natoka machimboni, sitoki bandani," alimwambia alipopata pumzi.

"Ulifungua mdomo wa nini?"

"Nilikuwa naigiza!"

Basi walijaribu jioni moja, jua likiwa limeshuka. Feni ikanguruma, bati likatikiswa, maji yakatoka kwenye matundu. Sisi tulishangilia. Lalji alikuwa ameweka jicho kwenye kamera, na mimi nilimwona akiliondoa, akalirudisha, akaliondoa tena. Akainua mkono, vitu vyote vikanyamaza.

"Haionekani," alisema.

"Haionekani nini, nasi tumelowa?" Marcel akauliza, maji yakimtiririka puani.

"Maji hayaonekani. Ni kama kioo. Mbingu nyeupe, nyasi nyeupe, maji yanapita katikati hayana rangi. Kwenye picha utaonekana mtu anayetokwa jasho sana."

Walikaa chini wakafikiri. Mwishowe Lalji akasema kule Bombay aliwaona mafundi wa picha wakitia maziwa ndani ya maji. Si mengi, kiasi cha maji kuwa na ukungu. Hapo kila tone linashika mwanga. Haya maneno aliyasema kwa Stanslaus, tena sisi wanawake tulikuwa tumeshaondoka. Mimi nilichosikia ni cha asubuhi yake, aliponifuata kwa Mama Velji akaniambia, "Klara, leo na kesho niletee maziwa yote unayoweza kupata. Waambie na wenzako."

Nikasema sawa. Nilidhani ni ya chai. Watu wa picha walikuwa wengi, na wote walipenda chai ya maziwa.

Sasa hapo ndipo nieleze habari ya Madoa.

Madoa ni ng'ombe tunayemkamua, lakini si wetu. Ni wa Mzee Jilala. Kwetu huku mtu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizi moja, ugonjwa usije ukawamaliza kwa siku moja. Huwagawa kwa rafiki zake wamfugie. Anayefuga anapata maziwa na mbolea; ng'ombe na ndama wanabaki wa mwenyewe. Jilala alimleta Madoa kwa baba yangu, na baba alipofariki hakumchukua. Alimwambia mama yangu, Bernadina, abaki naye alee watoto. Tangu siku hiyo uji wa wadogo zangu, chenga za mchele, hata sabuni ya nyumba yetu, vyote vinatoka kwenye chuchu za Madoa. Shamba letu lenyewe hutoa kitu kwa sababu ya samadi yake. Akiondoka, sijui mama angeshika wapi.

Na Jilala alitoa sharti moja tu. Maziwa ya ng'ombe wake hayamwagwi chini. Yapite kwenye koo, alisema, la mtu, la ndama, hata la paka, lakini yapite kwenye koo. Mzee huyu anaamini, na wengi wetu tunaamini, kwamba maziwa yakimwagwa ardhini ng'ombe hukauka, na si yule mmoja tu, hata ndugu zake walio zizi jingine. Kuna mtu wa upande wa Segese aliyeosha baiskeli kwa maziwa yaliyoganda. Jilala alikwenda siku ile ile akafungua ng'ombe wake akaondoka naye.

Jioni ya picha yenyewe watu walijaa kama siku ya gulio. Na aliyevaa vizuri kuliko wote alikuwa Jilala, koti la kaki na kofia, kwa sababu Lalji alikuwa amemwomba ng'ombe. Alitaka kundi likimbie kwenye dhoruba, limpite Marcel huku na huku. Jilala akaleta kundi lake zima, akasimama mbele yao na fimbo.

"Shikamoo, babu," nilimsalimia.

"Marahaba, mjukuu. Madoa hajambo?"

"Hajambo, babu."

"Angekuwepo naye leo apigwe picha. Yeye ndiye mzuri wao."

Alikuwa na furaha, na mimi nikafurahi naye, kapu langu la pumba kichwani. Ndipo Stanslaus akapanda juu ya lori, wakaanza kumpasia madebe na vibuyu, akawa anamimina kwenye tangi. Kitu cheupe. Mimi niliona, nikaelewa palepale. Nikamtazama Jilala. Naye alikuwa anatazama.

"Fundi," aliita. "Hicho unachomimina ni nini?"

"Maziwa, mzee wangu."

"Ya kunywa?"

"Ya kunywa. Ili mvua ionekane."

"Na ikishaonekana?"

Stanslaus ni mtu wa Bukoba, hakujua anaulizwa nini. Alicheka vizuri tu. "Ikishaonekana inaanguka chini, mzee. Mvua inakwenda wapi kwingine?"

Jilala alikaribia lori. Kibuyu alichokuwa nacho Stanslaus mkononi kilikuwa chetu, kina shingo iliyozungushiwa ngozi, na ngozi ile aliifunga Jilala mwenyewe siku alipomleta Madoa.

"Klara."

"Abee, babu."

"Kibuyu kile cha nani?"

"Chetu, babu."

"Maziwa ya nani?"

"Ya Madoa."

"Ulijua yanakwenda wapi?"

"Nilidhani ni ya chai."

"Chai ya tangi!" mtu mmoja nyuma akasema, watu wakacheka. Jilala hakucheka. Aliwageukia wote, akasema kwa sauti ya mtu anayetangaza: "Mnasikia? Kesho asubuhi naenda kwa Bernadina na kamba. Madoa anarudi kwangu."

Nilitaka kusema kitu, lakini kwa mzee aliyesema mbele ya watu, huwezi kumjibu mbele ya watu. Mama hakuwepo; alibaki nyumbani na wadogo. Lalji, maskini, alikuwa anatazama jua tu.

"Mwanga! Mwanga unakwisha! Mzee, ng'ombe!"

Jilala angeweza kuondoka na kundi lake. Lakini alikuwa ameahidi ng'ombe, na ahadi kwake ni kitu kingine. Akarudi nyuma ya kundi, akainua fimbo.

Injini ikawashwa. Mimi nikarusha pumba, macho yakiwa kwa Jilala, na labda kwa sababu sikuzifikiria zilikwenda vizuri kuliko siku zote. Feni ikazichukua, zikapita kama nzige. Bati likaanza chini kwa chini. Pampu ikalia, na mvua ikashuka.

Nataka niseme kweli. Pamoja na yote yaliyokuwa moyoni, sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Stanslaus alipogusanisha vyuma vyake, kila tone lilionekana peke yake, jeupe, limesimama hewani kama shanga zilizokatika uzi. Marcel alikuja ameinama, ameshika kofia, upepo umempandisha shati mgongoni, na mtu yeyote angesema huyu hafiki nyumbani. Mama Donatus alianza kumlilia. "Jamani, mke wake anajua?" alisema, na mke wa Marcel yuko hapo hapo pembeni, ameshika kapu.

"Ng'ombe!" Lalji akapaza sauti.

Jilala akapiga mluzi. Kundi likaja mbio, kwato zinatimua vumbi, moja kwa moja mpaka chini ya bomba. Na hapo likasimama.

Ng'ombe wa kwanza, jike jekundu, alinyanyua pua. Akatoa ulimi, akaulamba mgongo wa mwenzake. Yule mwenzake akalamba shingo ya wa pembeni. Kufumba na kufumbua kundi zima linalambana, wengine wameinamia vidimbwi chini wanafyonza, ndama wameinua vichwa na kuachama midomo kama watoto. Mtu hafikirii, lakini wale ng'ombe walikuwa wanatembea maili kwa maili kutafuta maji tangu mwezi wa sita. Upepo unavuma, radi inapiga, bati linanguruma, nao hawana habari.

"Wakimbie!" Lalji alipiga kelele. "Mzee, wakimbize! Hii ni dhoruba, wanatakiwa waogope!"

Marcel alijaribu kusaidia. Alikimbia kati yao akipunga kofia kwa hofu kubwa. Jike jekundu likageuka, likamlamba uso.

Tulicheka mpaka makapu yakaanguka. Wa pampu waliacha kupampu wakacheka. Stanslaus alivua miwani yake ya kuchomelea akajifuta machozi. Lalji peke yake aliendelea kuzungusha kamera, meno ameuma, halafu mabega yake nayo yakaanza kutikisika, na akaendelea kuzungusha hivyo hivyo mpaka tangi likaisha.

Mimi sikucheka mpaka mwisho, kwa sababu nilikuwa namtazama Jilala. Alisimama pale alipokuwa, fimbo imeshuka. Baadaye aliingia katikati ya ng'ombe wake. Alipitisha kidole juu ya mgongo wa ndama mmoja, akakitia mdomoni. Alijaribu kuwaondoa, hawakuondoka. Ikabidi asubiri wamalize kulambana. Alipoondoka nao giza lilikuwa linaingia.

Nyumbani nilimweleza mama kila kitu, toka maziwa mpaka kamba. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Alisema mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wote."

Akatoka, akampelekea Madoa majani ya viazi, yale tuliyokuwa tumeweka kwa ajili ya mboga.

Asubuhi Jilala alikuja mapema, kamba begani. Mama alikuwa amekwisha fagia uwanja na kuweka kigoda. Akapiga goti, akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, Bernadina. Mhola?"

"Mhola. Karibu ukae."

Akakaa. Kamba aliitoa begani, akaitazama kama hajui aiweke wapi, akaikalia. Mimi nilikuwa nakamua. Nilikamua kwa uangalifu mkubwa, hata tone moja lisitoke nje ya kibuyu. Nilikuwa nasikia macho yake mgongoni.

"Usiku sikulala," Jilala akasema. "Lile jike langu jekundu lilinisumbua. Linapiga kelele, linataka kurudi kwa Mhindi."

Mama akaziba mdomo kwa kanga.

"Na leo asubuhi," akaendelea, "limetoa maziwa mengi kuliko juzi. Nimeangalia mara mbili. Nikuulize, Bernadina. Maziwa yaliyoanguka chini kisha yakalambwa, yamemwagwa au yamenywewa?"

Mama si mtu wa kukimbilia swali. "Mimi sikwenda, baba," alijibu. "Aliyekuwepo ni Klara. Yeye anasema yalipita kwenye koo."

"Kwenye koo."

"Tena koo la ng'ombe wako mwenyewe."

Jilala alianza kucheka taratibu, tumboni, bila kufungua mdomo. Nikamletea kibuyu, kingali cha moto. Alikipokea kwa mikono miwili. Kwetu mtu aliyekuja kuchukua ng'ombe hanywi maziwa yake uani kwa mfugaji. Anayachukua na ng'ombe mwenyewe. Jilala akanywa. Alikunywa nusu, akajifuta ndevu, akamtazama Madoa aliyekuwa anatafuna majani ya viazi bila wasiwasi.

Mama alisogea karibu, akakaa chini kwenye jamvi, miguu ameikunja.

"Baba," alisema, "jana uliyasema mbele ya watu. Huku mtaani wote wanajua Madoa anaondoka, na kuna wanaokuja kuuliza kama banda letu litabaki tupu. Nakuomba kitu kimoja. Siku ya gulio, wakiwa wamejaa, simama pale kwa Velji uyaondoe maneno yale kama ulivyoyaweka. Sema Madoa anabaki. Nikisikia hivyo nitalala."

Jilala alikuwa ameinua kibuyu tena. Alikunywa polepole, koo lake likipanda na kushuka, na mama akabaki amemtazama, anangoja neno la gulioni, maana la Madoa alikuwa ameshalipata kwenye kile kibuyu.